Jua Linalokunywa Jasho

Juzi Sharleen, mmoja wenu, alikuja kwangu hapa Mbotela, Nairobi, akavua viatu, akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nililiuliza nilipokuwa bado kazini. Kwa nini, tunapotembeza wageni mitaani mwezi wa pili jua likiwaka, anayelemewa mara nyingi si yule Mzungu aliyeiva uso kama nyanya, ni mtu wa Mombasa aliyezaliwa ndani ya joto? Alitaka nimjibu kwa neno moja. Nikamwambia neno moja sina, nina hadithi. Na kwa kuwa mwingine wenu angekuja kesho na swali hilohilo, nikaona heri niandike. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mkikuta herufi imekimbilia mahali pasipo pake, irudisheni wenyewe.

Nyinyi mliochukua kazi hii baada ya magoti yangu kugoma mnanijua kama Shosho Rasoa, nyanya yenu. Niliwatembeza wageni kwa miguu Mbotela na Kaloleni, na siku nyingine tukawapeleka Pipeline kuona maghorofa. Aliyeniingiza kazini ni Mzee Shikuku. Ujanani alikuwa mpiga makaa kwenye gari moshi, yule anayesimama mbele ya mdomo wa moto na sepetu mchana kutwa. Mtu huyo alilijua joto kama mnavyoijua simu. Alikuwa anatia chumvi kwenye strungi, ile chai isiyo na maziwa, na siku ya kwanza nilipoionja niliitema kwenye maua ya Mama Salome. Akanitazama tu. Mwisho wa matembezi, ulimi umekauka kama gunzi, nilimfuata mwenyewe na kikombe.

Mzee Shikuku ndiye aliyenifundisha majina. Alisema mgeni usimuulize kama amechoka, kwa sababu atasema hajachoka. Ametoka mbali na hataki kuonekana mnyonge. Muulize asubuhi jina la mtoto wake, au la mbwa wake kama hana mtoto. Liweke kichwani. Jua likipanda, litaje jina hilo katika mazungumzo kama hutaki kitu. Akijibu upesi, endelea. Akisita, mketishe. Jua likimwingia mtu, linaanza kuiba majina kabla halijachukua miguu. Kipima joto chetu kilikuwa hicho, na hakikutaka betri.

Ndiyo maana mpaka leo nayakumbuka majina ya watu ambao hata sura zao zimenitoka.

Mmoja alikuwa Dirk, mrefu kama mlingoti, na binti yake aliitwa Lotte. Yeye tulimpeleka Pipeline. Mnapajua. Maghorofa yamekaribiana mpaka mtu wa huku anaweza kumpa chumvi mtu wa kule dirishani, na chini kwenye vichochoro ni giza hata saa sita. Nilidhani kwa sababu ni kivulini tumepona. Lakini juu zimeanikwa nguo ghorofa kwa ghorofa, zinadondosha maji, mifereji inapita, kila jiko linatoa mvuke, na upepo haupati pa kupenya. Joto la pale lina maji ndani yake. Linakukumbatia. Nikasema, "Dirk, Lotte angependa ngazi hizi," naye akaniuliza Lotte ni nani.

Mimi nilitaka kumsukumia ndani zaidi kivulini. Mzee Shikuku akamshika mkono, akampandisha juu kabisa kwenye paa la jengo wanakoanika nguo, kwenye jua peupe, nami nikaona mzee ameamua kuua mgeni. Kumbe juu kulikuwa na upepo. Akamwekea kitambaa chenye maji shingoni, akamkalisha nyuma ya tangi. Haukupita muda Dirk akawa anatuonyesha picha za Lotte moja baada ya nyingine, tusijue namna ya kumnyamazisha. Pale nikajifunza kwamba kivuli na ubaridi ni watu wawili tofauti. Pipeline tafuta upepo. Kaloleni, penye nyasi na miti na nyumba zilizoachana, upepo upo tayari, huko tafuta kivuli.

La pili ni choo. Msicheke. Wakati mmoja niliwatembeza walimu wa kike kutoka Busia, kila mmoja na chupa ya maji mkononi, na mpaka mwisho chupa zote zilikuwa zimejaa kama zilivyotoka dukani. Nikawa nawahimiza, kunyweni, kunyweni. Mwalimu Petronilla akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba ninawahimiza kama ng'ombe na sijawaonyesha pa kwenda. Tangu hapo mahali pa kwanza pa kuonyesha, kabla ya jumba la mikutano na kabla ya historia ya reli, pakawa choo. Mwanamke akishajua choo kiko wapi, maji hayahitaji hotuba.

Hivyo ndivyo nilivyoamini, mpaka akaja Bi Mwanakombo. Huyu ndiye jibu la Sharleen.

Walikuwa kikundi cha akina mama wa Mombasa waliokuja harusini Pumwani, na kabla ya kupanda treni yao ya kurudi wakataka kutembezwa. Aliyewaongoza ni Mwanaisha, mama wa makamo, mwepesi wa miguu na wa maneno. Bi Mwanakombo alikuwa mama yake mdogo, rika langu mimi. Alikuja na buibui jeusi na juu yake sweta zito la sufu. Mwezi wa pili. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Si mwasema wenyewe Nairobi ni baridi?"

Kumbe alilelewa Kaloleni. Baba yake alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa Mombasa yeye akiwa mtoto, ndiyo kwanza ameanza chuo cha Kurani, na alichobaki nacho kichwani ni baridi tu: ukungu wa mwezi wa saba, na mama yao akimsugua nyayo. Lakini dada yake mkubwa, Bi Zuhura, mama mzazi wa Mwanaisha, alikuwa na kumbukumbu nyingine kabisa. Huyu sasa ni mtu wa kitandani tu, huko Mombasa. Yeye alisema nyumba yao ya Kaloleni ilikuwa inawaka moto miezi ya jua, na mbele yake palikuwa na kibaraza. Mama yao alikuwa akimwaga maji pale, anatandika mkeka, wanalala hapo mpaka nyumba ipoe.

Hakuna aliyemwamini. Mwanaisha alinieleza haya tukiwa nyuma ya wenzake, kwa sauti ya chini. Mama yake siku hizi anachanganya mambo, wajukuu anawaita kwa majina ya waliokufa, watoto nyumbani wanamcheka. Yeye na kaka zake walikuwa wameshapatana wamhamishie Malindi kwa kaka yao mkubwa. Nikamuuliza mama mwenyewe amesemaje. Akasema hawajamuuliza, kwa sababu hataelewa.

Bi Mwanakombo alikuwa na masikio mazuri kuliko tulivyodhani. Akageuka. "Aliwasikia, akaelewa," akasema. "Alinishika mkono, akaniambia, nenda kaangalie. Kibaraza kikiwapo, basi akili zangu ninazo. Kisipokuwapo, nipelekeni mtakako."

Kwa hiyo mwenzangu alikuwa amekuja kutafuta akili ya dada yake, na alikuwa na saa chache tu kabla ya treni.

Tulianza vizuri. Nilionyesha choo kwanza, kile cha jumuiya. Bi Mwanakombo akachungulia, akatoka upesi, akanishukuru sana, akakaza kifuniko cha chupa yake. Mimi nikajiambia yule sasa ametulia. Nyumba yao alikuwa anaikumbuka kwa mbali tu, kwamba iko upande wa pili wa jumba la mikutano, karibu na bomba la maji. Tukashika njia.

Jua la siku hiyo lilikuwa lile linaloufanya mti usimame kimya. Mimi nilikuwa nafuta uso kila baada ya nyumba mbili. Wale wa Mombasa wakawa wanatuonea huruma.

"Shoga, mbona wafuta uso hivyo?" Bi Mwanakombo akaniuliza. "Nitazame mimi. Hata tone."

Kweli, paji lake lilikuwa kavu kama sahani. Akawaambia wenzake kwamba joto ni la Mombasa, ambako mtu anaketi tu na hari inamshuka mgongoni. Hili la Nairobi ni jua la kuangalia, halina kitu ndani. Wakacheka, na mimi nikacheka, na moyoni nikamsifu. Nilidhani damu ya pwani imeshazoea. Hata sweta hakuliweka kando, alilitoa mabegani akalifunga kiunoni tu.

Mzee Shikuku alitufundisha kumtazama mgeni kwa nyuma, kwa sababu kwa mbele kila mtu anatabasamu. Tulipofika uwanjani nikarudi nyuma. Hapo nikaona kwenye buibui lake, kati ya mabega, mistari myeupe, imejikunja kama mpaka wa nchi kwenye ramani. Nikafikiri ameegemea ukuta wa chokaa. Lakini hakuwa ameegemea popote, nilikuwa naye tangu asubuhi. Nikajifanya ninamrekebishia nguo, nikapitisha kidole, nikakitia ulimini.

Chumvi.

Nilisimama pale uwanjani nikishangaa kama mtoto. Maana yake huyu mama alikuwa ametoa jasho kutuzidi sote. Ila hewa yetu ni kavu, ina kiu, inalinywa jasho kabla halijawa tone. Mombasa hewa imeshiba maji, jasho linabaki mwilini unaliona, unakumbuka kunywa. Hapa linaondoka bila kuaga. Mtu wa pwani anasubiri jasho limwambie kwamba kuna joto, na jasho la Nairobi halisemi. Sharleen, neno lako moja ni hilo. Usitazame paji la uso. Tazama nguo, hasa nyeusi, mgongoni.

Asubuhi alikuwa amenitajia kitindamimba wake, Swaleh. Nikamwendea mbele. "Bi Mwanakombo, Swaleh anafanya kazi gani vile?"

Akanitazama muda mrefu. "Swaleh gani?"

Mwanaisha alisikia. Rangi ilimtoka. "Hata wewe, mama mdogo?" akasema, na ilikuwa kama ameona mlango wa pili unafungwa.

Tulimwingiza jumba la mikutano, upande wenye madirisha mawili yanayotazamana. Nikamfungua lile sweta kiunoni, nikalowesha leso nikamzungushia shingoni, miguu tukaitia kwenye beseni. Mwanaisha alitaka teksi ya kwenda hospitali, nikamwambia iite, ingoje mlangoni. Kama majina hayarudi upesi tutaondoka. Nikachanganya maji, chumvi, sukari na ndimu. Nikamsogezea kikombe. Akafumba midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Nikaanza kumbembeleza, kisha nikamkumbuka Mwalimu Petronilla. Nikawaomba wote watoke, hata Mwanaisha. Nikakaa karibu naye, nikamuuliza taratibu ni nini.

"Choo chenu ni cha kuchuchumaa," akasema kwa sauti ndogo. "Goti langu halikunjiki tangu mwaka juzi. Nikinywa, nitakwenda wapi mimi?"

Mnaona? Nilikuwa nimeonyesha choo, sikuonyesha choo chake. Asubuhi nzima alikuwa anajikausha kwa makusudi, huku anatucheka sisi tunaofuta uso.

Nyumba ya pili kutoka pale anakaa Mama Awino, ambaye alimuuguza mama mkwe wake miaka mingi. Alikuwa amekata tundu kwenye kiti cha plastiki cha kuweka juu ya choo, akakilainisha pembeni kwa kisu cha moto, kizuri kabisa. Nikaenda nikakiazima. Alikuja nacho mwenyewe, amekivika leso kama bibi harusi, na Bi Mwanakombo alipokiona akacheka kwa mara ya kwanza tangu uwanjani. Akanywa kikombe kile, akanywa kingine. Kiti kama hicho nilijitengenezea na nilikibeba kila matembezi mpaka nikastaafu. Wageni walikuwa wananiuliza kwa nini ninazunguka na kiti kibovu. Mkitaka, kiko nyuma ya mlango wangu, njooni mkichukue.

Baadaye kidogo, bila kuulizwa, akasema, "Swaleh ni karani bandarini. Hajaoa. Kama una binti, sema mapema." Teksi tukaiambia iendelee kungoja, sasa ni ya kwenda kituoni.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwanaisha alisema inatosha, twende moja kwa moja kwenye treni. Kuhusu kibaraza watamwambia mama jambo lolote. "Tutasema kipo, afurahi. Au hakipo. Atajuaje?"

"Mimi nitajua," Bi Mwanakombo akasema.

Wakanitazama mimi. Nikasema jua limeanza kuinama, kivuli cha nyumba kimeshatoka upande wa mawio, tukipita kwa kuambaa kuta hatutaligusa jua ila kwenye kuvuka njia. Tutakwenda polepole na chupa mkononi. Nikamuuliza Mwanaisha jambo moja tu tulipokuwa tunamwinua mama mdogo wake. Nikamuuliza kama mama yake huko nyumbani anakunywa maji.

Akafikiri. "Anakataa. Anasema hataki kutuamsha usiku kumpeleka chooni."

Njia nzima alikuwa anamtazama Bi Mwanakombo akinywa.

Bomba la maji lilikuwapo bado. Bi Mwanakombo akahesabu nyumba kwa kidole, akasimama. Mbele ya nyumba, kutoka ukutani mpaka njiani, palikuwa na duka la mabati lenye viazi, vitunguu na sabuni za vipande. Mwenye duka ni Jescah, mke wa Oduor. Nikamsalimu, nikamweleza tunachotafuta.

"Kibaraza?" akasema. "Mama Rasoa, mimi niliolewa nikakuta duka. Hapa hapajawahi kuwa na kibaraza."

Mwanaisha akashusha pumzi. Akamshika mama mdogo wake kiwiko, akamwambia kwa upole kwamba wameangalia, wamefanya walichotumwa. Bi Mwanakombo hakubishana. Alitaka tu aingie kivulini kidogo kabla ya kurudi. Akainua mguu kuingia dukani, na kwa lile goti lisilokunjika, kidole cha mguu kikagonga ukingo. Akakaribia kuanguka, tukamdaka.

Sote tukatazama chini. Sakafu ya duka ilikuwa juu kuliko ardhi ya nje. Duka la mabati hakuna anayelipandishia msingi hivyo. Watu wanachimbia nguzo tu, wanapiga bati.

Jescah alielewa kabla sijafungua mdomo. Akaburuta gunia la viazi pembeni, akachota maji kwenye jerikeni, akamwaga. Udongo ukaondoka, chini yake simiti ikatokea, nyekundu, iliyosuguliwa mpaka ikawa laini kama sabuni iliyotumika. Wenye duka walikuwa wamezungushia mabati kibaraza kizima.

Bi Mwanakombo akavua kiatu, akauweka unyayo wake pale penye maji.

Mwanaisha akapiga simu, akaweka sauti ya juu. Nilimwona anachagua maneno, anataka kumpima mama yake mara moja ya mwisho. "Mama, tuko Kaloleni," akasema. "Mbele ya nyumba kuna duka."

Sauti ya Bi Zuhura ilikuwa nyembamba, lakini haikuwa na haraka. "Duka mimi sikulisema. Mwambieni mwenyewe amwage maji chini. Patatokea pekundu. Kisha tazameni karibu na mlango wa nyumba, mkono wa kushoto. Pana shimo dogo, baba aliangusha nyundo ya reli. Mwanakombo alikuwa hajatambaa."

Mkono wa kushoto palikuwa na kreti za soda zimepandana. Jescah akaziondoa moja moja. Mwanaisha akapiga magoti na nguo zake nzuri za harusini, akapapasa kwenye vumbi, na kidole chake kikazama.

Alikaa hivyohivyo, kidole shimoni, simu mkono mwingine. Wenzake walianza kumkumbusha treni. Hatimaye akaileta simu karibu na mdomo.

"Mama," akasema, "wewe mwenyewe wataka kwenda Malindi?"

"Sitaki," Bi Zuhura akasema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize."